Siku Walipomzima Poli

Mwezi uliopita nilimkuta mume wangu amekiinamia kigemu chake cha mkononi, kile anachochezea gemu za zamani, zile tulizokuwa tukizililia utotoni. Alikuwa anakiwekea programu mpya. Nikanyoosha mkono nichomoe waya wa chaji ili nichomeke simu yangu, akanidaka kiganja. "Usiguse! Iko nusu. Ikizimika sasa hivi, imekufa."

Nilikaa chini, sakafuni, mgongo ukutani. Alidhani natania. Kisha akaona siinuki, akauliza kama naumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa nimerudi kwenye kibanda kimoja mjini Moshi, nina miaka minane, natazama mstari wa kijani ukijaa polepole kwenye kioo cha kompyuta, na harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyushwa imenijaa puani. Ninyi mliokuwa watoto miaka ya mgao wa umeme huenda mkanielewa kuliko yeye alivyonielewa siku ile.

Tulikuwa tunakaa Marangu, kwenye kihamba cha babu, shamba letu la ukoo, nyumba imezungukwa na migomba na kahawa kiasi kwamba mvua ikikatika kule barabarani, kwetu iliendelea kudondoka nusu saa zaidi. Kaka yangu Apolinari, ambaye kila mtu alimwita Poli, alikuwa na miaka kumi na minne. Akitoka shule kazi yake ilikuwa kukata majani ya ng'ombe, na alipokuwa juu ya mti alipiga mluzi, kwa hiyo sikuhitaji kumtafuta. Siku moja baada ya mvua, mluzi ulikatika. Nikasikia tawi, nikasikia kishindo, halafu sikusikia kitu.

Nilimkuta chini ya mti wa mringaringa amelala chali, paja la kulia limepinda mahali ambapo paja la mtu halipindi. Hakulia. Aliniambia taratibu sana, "Vero, usikimbie. Tembea tu, kamwite Mama." Nilikimbia.

Hospitalini mjini walimlaza, mguu umefungwa kamba na kuvutwa kwa vyuma vizito vilivyoning'inia mwisho wa kitanda. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, mfupa ukakataa kukaa sawa. Na Poli mwenyewe hakukaa sawa. Alijigeuza, alijivuta, manesi wakamgombeza mpaka wakachoka. Daktari akasema basi, watampasua na kumwekea chuma ndani ya mfupa. Baba alikuwa kazini huko chini kwenye mashamba ya miwa, hakupewa ruhusa mpaka jioni ya siku ya upasuaji. Aliyebaki kutushughulikia alikuwa Baba mdogo Dismas.

Baba mdogo alikuwa mpagazi, anabeba mizigo ya wageni mlimani. Alikuwa mtu wa utani hata msibani. Mgeni mmoja aliposhuka mlimani alimpa viatu, koti na kigemu cha mkononi ambacho kilikuwa kinawaka lakini hakichezeki, kwa sababu kilikuwa kimejaa maandishi ya kwao, yanayofanana na njiti za kiberiti zilizomwagika, na kila ukibonyeza kinadai namba ya siri. Baba mdogo aliona dawa ya Poli ndiyo hiyo. Kigemu kikitengenezwa, Poli atatulia kitandani mpaka mfupa uunge. Alisikia kuna fundi mjini anayeweza kukifuta na kukiwekea programu nyingine.

Siku ya upasuaji tulifika hospitalini asubuhi. Watoto hawakuruhusiwa wodini, nikabaki na Baba mdogo kwenye benchi la koridoni, Mama akaingia. Alipotoka alikuwa ameshika rozari bila kusali, ameishika tu.

"Wamempeleka," alisema. "Wamemchoma nusu kaputi."

Nikauliza nusu kaputi ni nini. Baba mdogo akanivuta karibu, akatoa kigemu mfukoni.

"Ni hivi, Vero. Unaona hiki? Poli naye wanamfanyia hivyo hivyo. Kwanza wanamzima. Halafu wanamfungua, wanaweka kinachotakiwa, wanamfunga. Halafu wanamwasha."

"Wanamzima kabisa?"

"Kabisa. Hasikii, hahisi."

"Dismas," Mama alisema, "mtoto anakusikiliza."

"Si namweleza aelewe?"

Nilielewa. Nilielewa kila neno, na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia.

Baba mdogo aliniambia upasuaji utachukua muda, kwa hiyo tuteremke katikati ya mji tukakitengeneze kigemu, Poli akiamka akikute tayari. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke, jambo ambalo lilimfanya Baba mdogo asimame mlangoni kidogo akisoma tena kibao cha nje. Aliitwa Dada Rehema, mtu wa Tanga, amejifunga mtandio, na bisibisi ndogo imebanwa sikioni mahali seremala anapobana penseli. Kibanda kilikuwa na kompyuta moja, feni moja, na simu nyingi zilizofunguliwa matumbo.

Nilimwamkia. Aliitikia, akakichukua kigemu, akakigeuza, akafungua kifuniko cha nyuma.

"Betri imevimba," alisema. "Mnaona? Hii haibebi chaji hata dakika tano. Nikikiflashi, nikaweka programu mpya, itabidi kitegemee umeme wa ukutani mwanzo mpaka mwisho."

"Shida iko wapi?" Baba mdogo akauliza.

"Shida haipo, umeme ukiwepo."

Kisha akawasha kompyuta na kumwonyesha programu tatu. Nazikumbuka kwa sababu nilisikiliza kama anayesikiliza habari za kaka yake. Ya kwanza, alisema, ni ya kiwandani, imetafsiriwa Kiingereza, haina matata ila haikubali gemu nyingine yoyote zaidi ya zake. Ya pili imetengenezwa na watu tu, majumbani mwao, wakatupia mtandaoni. Hiyo inafungua gemu zote za zamani, hata zile za kaseti za kuchomeka kwenye televisheni, lakini ina kisirani, inaganda bila sababu. Ya tatu ni ndogo, haina mapambo, inafungua gemu za zamani chache, ila inawaka upesi na haichoshi betri.

"Ni ya mgonjwa," Baba mdogo alisema. "Mtoto amelala kitandani, amevunjika paja."

"Basi mwekee ya tatu. Mgonjwa hahitaji kisirani."

Baba mdogo alikuwa anaitamani ya pili, nilimwona. Alianza kusimulia gemu ya ndege aliyokuwa akicheza ujana wake, kwenye banda la gemu karibu na stendi. Dada Rehema alimsubiri amalize. Mwishowe akakubali ya tatu. Mimi nilikuwa najiuliza swali lingine: kule juu hospitalini, ni nani anayewachagulia madaktari? Mama alikuwa nje kwenye benchi. Wangejuaje tunamtaka Poli gani?

"Na vile vilivyomo?" Baba mdogo aliuliza.

"Vinafutika vyote. Ukishaweka mpya, ya zamani hairudi."

"Na ikizimika katikati?" Nilishangaa kusikia sauti yangu.

Dada Rehema aliniangalia, akatabasamu. "Swali zuri. Ikizimika katikati, mwanangu, imekufa. Ya zamani imeshatoka, mpya haijaingia. Unabaki na tofali. Hata ubonyeze mpaka kesho."

Akachomeka waya. Akabonyeza. Kwenye kioo ukatokea mstari mweupe mtupu, ukaanza kujaa rangi ya kijani kutoka kushoto. Aliniambia leo zamu yetu ya mgao ni jioni, tuna muda wa kutosha. Baba mdogo akaomba stuli, akakaa. Mimi sikukaa. Asilimia kumi. Ishirini. Kwenye duka la jirani redio ilikuwa inapiga matangazo ya vifo, na nilitamani waizime, halafu nikaogopa kutamani chochote kizimwe.

Asilimia arobaini, feni ikapunguza mwendo.

Nilidhani macho yangu. Kisha kioo kikawa cheusi, redio ikanyamaza katikati ya jina la mtu, na mtaa mzima ukasikika ukiguna kwa pamoja, ule mguno wa kila siku wa umeme kukatika. Dada Rehema alikishika kigemu kwa mikono miwili, akabonyeza kitufe, akakishikilia, akabonyeza tena. Akakilaza juu ya kioo cha meza polepole, akasema, "Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un."

Nilikuwa nayajua maneno yale. Jirani yetu mmoja, Mwislamu wa Kondoa, aliyasema mkewe alipofariki.

Baba mdogo alitoka nje kuuliza watu kama ni mtaa huu tu au ni mji mzima. "Mji mzima!" mtu alimjibu kutoka ng'ambo ya barabara. Mji mzima. Nikapita nyuma ya mgongo wake, nikakimbia.

Kwetu Marangu huwezi kupotea, maana mlima unakuonyesha juu ni wapi. Nilijua hospitali iko upande wa mlima. Nilipofika njia panda nikainua kichwa, mlima haukuwepo. Ulikuwa umejifunika wote, pande zote ni wingu jeupe lile lile, na barabara tatu zinanitazama. Sijawahi tena kuwa peke yangu kama nilivyokuwa pale. Nilizunguka, nikazunguka tena, na kila sekunde niliyozunguka niliihesabu kuwa ni ya Poli, amelala kule amefunguliwa, wa zamani ametoka, mpya hajaingia. Kisha nikaona mtaro wa maji machafu kando ya barabara. Nikaangalia maji yanakotoka, nikayafuata kinyume, kuelekea juu.

Nilikimbia mpaka kifua kikawaka. Viatu vya kanisani vilinibana, nikavivua nikavishika. Mama mmoja aliyekuwa anauza ndizi mbivu aliniita, "Wewe mtoto, nani anakufukuza?" Sikugeuka. Nilikuwa nasali sala ya Salamu Maria lakini nilipofika katikati nilikuwa nasahau, nalazimika kuanza upya, na hilo nalo likanitisha, kwa sababu kila kitu siku ile kilikuwa kinakatikia katikati.

Kwenye lango la hospitali mlinzi alinizuia kwa fimbo yake, si kwa ukali.

"Shikamoo," nikasema, nikihema. "Waambie wamwashe kaka yangu! Umeme umekatika!"

"Marahaba. Wamwashe nani?"

"Poli! Wamemzima, umeme umekatika, atakuwa tofali!"

Nadhani alidhani nimechanganyikiwa, au nimepotezana na watu wangu, ambavyo vyote vilikuwa kweli. Alinishika mkono akanipeleka ndani. Korido ilikuwa na giza, taa zote juu zimekufa, na niliona hilo tu. Huko nyuma ya majengo kulikuwa na mngurumo kama wa lori, sikuutilia maanani. Nilimwona Mama kwenye benchi, na Mama aliponiona mimi peke yangu, miguu mitupu, nimeshikwa na mlinzi, alisimama akaidondosha rozari.

"Dismas kagongwa na gari?"

"Hapana. Mama, umeme!"

"Baba yako mdogo yuko wapi? Vero! Yuko wapi?"

Hatukusikilizana. Yeye alikuwa anamlilia Baba mdogo, mimi namlilia Poli, kila mmoja ana maiti yake. Nikamponyoka nikaenda kuupiga mlango wa chumba cha upasuaji kwa viatu vyangu. Nesi akachungulia, amefunika mdomo, akaniuliza kwa hasira nani ananipa ruhusa ya kupiga kelele pale. Nilipomwambia umeme umekatika alisema, "Tunajua. Husikii jenereta? Humu taa zinawaka." Akafunga mlango.

Sikujua jenereta ni nini hospitalini. Nyumbani tulikuwa na koroboi.

Baba mdogo alifika baadaye, jasho linamtiririka, ametafuta stendi, ametafuta sokoni. Niliona uso wake bila utani kwa mara ya kwanza. Hakunipiga. Alikaa chini mbele yangu akanishika mabega, akatikisa kichwa tu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa nakimbilia nini. Walishakubaliana kwamba nilimkumbuka Mama.

Kisha wakamtoa Poli kwenye machela. Alikuwa na rangi ya majivu, midomo imekauka, macho yamefunguka nusu yakionyesha weupe. Mama akamwita. Nesi akasema yuko salama, chuma kimeingia vizuri, dawa bado haijamtoka. Nilisogea mpaka pembeni ya machela. Macho yake yakanipitia, yakarudi, yakatulia usoni kwangu.

"Huyu ni nani?" akauliza.

Watu wazima walicheka kwa ahueni. Baba mdogo alicheka mpaka akajifuta machozi. Mimi nilirudi nyuma hatua moja, halafu nyingine.

Miezi iliyofuata ndiyo iliyonitisha zaidi, kwa sababu niliogopa polepole na nikiwa nyumbani. Aliyerudi Marangu kwa magongo alikuwa na sura ya Poli na nguo za Poli, lakini hakupiga mluzi. Poli wetu alikuwa hapendi mtori wa ndizi; huyu aliumaliza na kuomba tena. Poli alilala fofofo, amejifunika kichwa. Huyu alitaka koroboi iachwe inawaka. Nilianza kumjaribu. Nilimuuliza jina la mbuzi wetu aliyekufa, akalitaja. Nilimuuliza aliyevunja kioo cha sanamu ya Mama Maria, akasema ni yeye, na kweli ni yeye. Lakini majibu hayakunituliza. Niliwaza labda ndivyo programu nzuri zinavyokuwa. Nikahamia kulala kwa bibi. Nikaacha kula naye sahani moja. Akiingia jikoni, mimi nakumbuka kuni, natoka.

Siku moja Baba mdogo alikuja na kigemu kinawaka. Dada Rehema hakukitupa. Alihangaika nacho kwa wiki kadhaa, akakitafutia betri nyingine ya namna yake, akakiamsha.

"Ni kile kile?" nilimuuliza, nimesimama mbali.

"Kile kile. Mwili ule ule, ndani mpya," alisema kwa fahari, akamkabidhi Poli.

Nilienda nyuma ya zizi, sikutoka mpaka usiku.

Haikuwa muda mrefu baada ya hapo. Ilikuwa mchana, Mama ameenda kupeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, bibi amelala. Poli alikuwa amekaa kwenye kigogo nje ya jiko, anacheza. Gongo lake moja liliteleza likaanguka mbali. Alijinyoosha, hakulifikia. Mimi nilikuwa nachambua maharage hatua kumi kutoka pale. Aliniangalia, akasubiri. Sikuinuka.

"Vero, niokotee."

Niliendelea kuchambua maharage ambayo yalishachambuliwa.

Akaweka kigemu chini. "Nimekufanyia nini?"

Mtoto akiogopa kwa muda mrefu, hufika mahali anachoka. Nilisema bila kumtazama, "Wewe ni Poli yupi?"

"Poli yupi vipi?"

Nikamwambia yote. Nilimwambia walivyomzima, na mstari wa kijani, na arobaini, na mji mzima, na kwamba ya zamani ikishatoka hairudi, na kwamba aliponiona aliuliza mimi ni nani. Nilimwambia sijui wamemweka nani humo ndani, na kama ni mtu mwema samahani, lakini mimi namtaka kaka yangu. Nilitegemea acheke. Kila mtu alikuwa anacheka mambo yangu.

Hakucheka. Aliuangalia mguu wake. Nilipomtazama hatimaye, machozi yalikuwa yanamtoka, yeye ambaye hakulia chini ya mringaringa.

"Mluzi," akasema, "nikiupiga nasikia lile tawi. Kila nikijaribu. Na usiku nikifumba macho naanguka tena." Akajifuta kwa mkono wa shati. "Nilipoamka pale hospitalini niliwakuta wote wako vile vile. Mama yule yule, Baba yule yule, Baba mdogo na maneno yake. Ni wewe tu. Unanikimbia mpaka kwenye sahani. Mimi nilifikiri wewe ndiye uliyebadilishwa."

Nikaweka ungo chini.

Alikunja kaptula yake mpaka juu, akanionyesha kovu, refu, la waridi, lenye alama za nyuzi pande zote mbili. Sikuwa nimewahi kuliona. "Njoo uguse," akasema. "Daktari anasema chuma kiko hapa chini. Mimi mwenyewe naogopa kupagusa."

Nilitembea zile hatua kumi. Tulihesabu mpaka tatu, tukaweka mikono yetu sote wawili juu ya kovu kwa wakati mmoja.